Nyumba ya Kampuni

Siku Mama aliporudisha ufunguo, karani alikuja na fomu ya kuhesabia. Akahesabu vioo vya dirisha: sita, kimoja kina ufa. Akahesabu balbu, bawaba za mlango, komeo, na bomba la nje ambalo tulitumia na majirani saba. Ufa ule niliuweka mimi nikiwa darasa la nne, na mpira wa makaratasi ambao kuna mjinga alikuwa ameuficha jiwe ndani. Mama akauliza kama atakatwa pesa ya kioo. Karani alikuwa kijana wa rika langu, tulisoma shule moja ya msingi ya hapo hapo kwa Kampuni. Akaangalia pembeni, akaandika "sawa."

Wema huo naukumbuka kuliko barua yenyewe.

Tulikuwa tumeishi mlango namba 14 miaka 22. Kabla ya hapo Mama na Baba walikaa laini nyingine, juu kidogo, karibu na msitu wa mikaratasi, ile mikaratusi inayopandwa ili boila ya kiwanda isikose kuni. Na kabla yao Babu, aliyetoka Nyamira mwaka wa 1956 na blanketi moja, alilala nyumba ya Kampuni na vijana wengine watatu. Vizazi vitatu, na siku tunaondoka vitu vyetu vyote viliingia kwa pikapu moja. Tena nafasi ikabaki ya mbuzi, kama tungekuwa na mbuzi. Kufuga kulikuwa kumekatazwa.

Sitaitaja Kampuni yetu. Kwanza kwa sababu nyumbani haikuwa na jina, iliitwa Kampuni tu, vile watu wanavyosema Serikali. Kampuni imeleta maji. Kampuni imekata stima. Kampuni imesema watoto wasicheze kwa chai. Pili, haya mambo si ya kampuni moja. Ukitoka Kericho ushuke kuelekea Bomet, au upande kuelekea Nakuru upite pale Brooke, unapita mji mmoja mrefu ambao ramani haiuandiki kama mji: safu za nyumba ndogo nyeupe katikati ya kijani, kila safu na kiwanda chake, zahanati yake, shule yake, uwanja wake wa mpira. Brooke yenyewe imebeba jina la kampuni, Brooke Bond. Wako watu wanaozaliwa huko na kuzeeka huko bila kumiliki hata nafasi ya kuchimba choo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nitafika hapo. Lakini nikiwa bado chuo nilisoma kuhusu miji ya makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Kampuni ya makaa ilimiliki nyumba, duka, daktari, mara nyingine hata ilitengeneza sarafu zake za kulipia wafanyakazi, ambazo hazikuwa na kazi nje ya duka lake. Mwaka wa 1920, wachimbaji wa Matewan walipojiunga na chama, kampuni iliwatumia askari wa kukodiwa wakazitoa familia ndani ya nyumba, vyombo vikatupwa nje. Nilisoma hiyo sura usiku mmoja nikajiambia, lakini hii si ni kwetu? Toa makaa weka majani chai. Wenzetu wa Magadi, ambako kampuni ya magadi imeshika mji tangu kabla ya vita vya kwanza, nafikiri wangesoma vile vile. Mahali ambapo mwajiri wako ndiye mwenye nyumba yako, kufutwa kazi na kufukuzwa nyumbani ni barua moja.

Ndiyo nikaanza kuuliza: hii nyumba ya Kampuni ilijengwa juu ya nini?

Wakipsigis hawahitaji kuuliza. Jirani yetu nje ya mpaka, mama mzee tuliyemwita Kogo kama wajukuu zake walivyomwita, alikuwa akituuzia mursik na akituonyesha kwa kidole: pale kwa nyumba ya menija kulikuwa boma la fulani, pale kwa bwawa walikuwa wakinywesha ng'ombe. Alikuwa anaongea mambo ya babu zake lakini kama mtu aliyeyaona. Sisi watoto wa laini tulicheka. Kwa macho yetu chai ilikuwa hapo tangu Mungu aumbe dunia.

Lakini chai ni ngeni. Reli ilifika Kisumu 1901, na ikapita hapo juu kwenye stesheni iliyoitwa Lumbwa, leo Kipkelion. Lumbwa ndilo jina Wazungu walilowapa Wakipsigis. Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza lilishuka Sotik likaua watu na kubeba mifugo, na Oktoba ya mwaka huo huo, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi alipotoka kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Baada ya hapo ardhi ilianza kugawanywa kwa rula. Wenyeji wakasukumiwa kwenye rizavu, na ile iliyokuwa nzuri zaidi, yenye mvua ya kila alasiri na udongo mwekundu unaonata kwa kiatu, ikawekwa pembeni kwa wageni.

Wageni wa kwanza wala hawakuleta chai. Baada ya vita vya kwanza, 1919, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 hapa Kericho kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani. Mradi huo uliitwa kwa kifupi BEADOC. Mpango ulikuwa wapande kitani, mmea wa kutengenezea nguo, kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei yake. Hebu fikiria: mtu amepoteza mguu huko Ufaransa, anapewa shamba la Mkipsigis afufue maisha yake. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukaanguka nao ndani ya miaka michache. Mahali pengine ungesema basi, mwenye shamba arudishiwe shamba lake. Hapa ardhi ilienda kwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1920 wakaja James Finlay wa Glasgow na kampuni yao ya African Highlands, na Brooke Bond, ambao walikuwa wameanzia Limuru. Huko Limuru chai ilikuwa imepandwa kwa majaribio tangu 1903. Kericho ndiko ilikopata nyumba.

Mikataba ya ardhi ya wakati huo, chini ya sheria ya 1915, ilikuwa ya miaka 999. Namba hii huwa inanisimamisha. Hawakuandika elfu, labda waliona elfu ni tamaa.

Na ikabaki shida ya Talai. Hawa ndio ukoo wa Orkoiik, viongozi wa kiroho ambao watu waliwasikiliza kuliko chifu wa serikali. Wakuu wao walikuwa wameshahamishwa 1914. Halafu mwaka wa 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuuondoa ukoo mzima, wanaume, wanawake na watoto, watu kama 700, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa, mahali pa mbung'o na malaria ambako mtu wa baridi ya Kericho hakuwa amezoea. Ilipitishwa sheria, iliandikwa na kupigwa chapa, ili ukoo mmoja utolewe. Walianza kurudi karibu na uhuru, na wengi waliorudi walikuta hawana pa kurudia. Mpaka leo wako Talai wanaokaa kama wageni kando ya mji wa Kericho. Mwaka wa 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba walidhulumiwa. 2022 kesi ikapelekwa mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Kenya 2023 alisema ana huzuni na majuto kwa yaliyotendwa wakati wa ukoloni. Kuomba msamaha hakuomba.

Sasa, ukishakuwa na ardhi unataka mikono. Hapo ndipo historia ya Kogo na historia ya Babu zinakutana, na hazikukutana kwa kupenda.

Wakipsigis wengi hawakuitaka kazi ya chai. Walikuwa na ng'ombe na mahindi, na hawakuona kwa nini mtu akavune majani ya Mzungu kwenye shamba lililokuwa la baba yake. Kwa hiyo kampuni zikatafuta watu mbali: Waluo, Waluhya, Wakisii. Mtu alikuja na kipande chake, ile karatasi ya usajili ambayo mwanaume Mwafrika alilazimishwa kuibeba ndani ya kibweta cha bati shingoni. Kwanza walikuja wanaume peke yao. Walikuja pia watoto. Miaka ya 1930 mikono midogo ilipendwa kwa chai, kwa sababu kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi, basi, na vidole vya mtoto ni vyepesi. Kasisi Walter Owen, aliyekuwa Nyanza, alipigia kelele jambo hilo mpaka likafika magazeti ya Uingereza, na mwaka wa 1938 serikali ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Babu alikuja baadaye, akiwa mkubwa, lakini alifanya kazi na wazee ambao walikuwa wameanza wakiwa hawajabalehe.

Hao watu walihitaji pa kulala. Hivyo ndivyo mji ulivyozaliwa. Walihitaji posho, basi kukawa na stoo ya unga. Waliugua, ikajengwa zahanati, baadaye hospitali, na hospitali za kampuni Kericho zikawa bora kuliko nyingi za serikali. Hilo nitalisema bila kuvuta maneno kwa sababu nilizaliwa katika moja. Kampuni zilipoona kijana asiye na mke hakai, nyumba za familia zikajengwa, na wake wakaja, na kumbe wake nao wanachuna, tena vizuri. Wakazaliwa watoto, shule zikafunguliwa. Juu ya kilima ikawa nyumba ya menija na bustani, klabu, gofu. Miaka ya 1950 Brooke Bond walijenga Tea Hotel mjini Kericho, na vyumba vyake na nyasi zake. Mmoja wa wakulima wao, Tom Grumbley, alipanda miti kutoka kila pembe ya dunia pale Chagaik kando ya bwawa, na bado iko, nenda uone, ni mahali pazuri kwa kweli. Mtu anaweza kupanda msitu mzuri kwa roho safi kwenye ardhi ya wenyewe. Nimekaa chini ya ile miti nikijaribu kukasirika nikashindwa, kulikuwa na kivuli.

Jambo moja halikuruhusiwa: Mwafrika kupanda chai yake. Mpaka miaka ya 1950 chai ilikuwa mmea wa Wazungu. Ulipofunguliwa mlango, na baada ya uhuru KTDA ilipoundwa 1964, wakulima wadogo wa Kericho na Bomet walipanda kama watu waliozuiwa muda mrefu. Leo viwanda vyao vimejaa, Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros. Kogo alikuwa na nusu ekari. Alikuwa na chai yake na kaburi la mumewe katikati ya chai hiyo.

Na hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kaburi hilo ndilo lilinifundisha tulikuwa nani.

Mimi nimezunguka mashamba ya kampuni kwa miguu tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuona kaburi la mchuna chai. Hata moja. Mtu akifa laini, watu wanachanga, gari linatafutwa, maiti inarudishwa "nyumbani." Babu alirudishwa Nyamira, kwenye shamba ambalo kaka zake walikuwa wameshagawana, na kulikuwa na kelele kuhusu mahali pa kuchimba. Aliishi Kericho miaka zaidi ya arobaini. Nyamira alikuwa anaenda Krismasi. Baba alipofuata, 2011, wajomba walitupimia kaburi kwa hatua, kama mtu anayepima kitambaa, tusizidishe. Mji gani huu ambao watu wanazaliwa, wanaoa, wanafukuza kuku, wanaimba kwaya, lakini ikifika kufa lazima waende kufia mahali pengine? Wageni wa kazi, hata baada ya vizazi vitatu.

Jirani zetu nao walituhesabu hivyo hivyo, na hapo ndipo mambo yaliharibika. Mkipsigis aliyenyang'anywa shamba haoni Glasgow. Haoni London. Anamwona Mkisii kwenye shamba la babu yake akiwa na nyumba, maji ya bomba na hospitali. Kila uchaguzi mkali huamsha hesabu hiyo. Desemba 2007, matokeo yalipotangazwa, mashamba ya Unilever, ambao walikuwa wamenunua Brooke Bond tangu 1984, yalivamiwa. Watu 7 waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa na kuchomwa. Baadaye wafanyakazi na familia, walalamikaji 218, walipeleka kesi London, wakisema kampuni ilijua hatari iko na haikuwalinda. Mahakama ikasema 2017 kwamba kampuni mama ya Uingereza haiwezi kubebeshwa mzigo huo, na rufaa ikaanguka 2018. Jengo la London ambalo faida ilikuwa inafika salama, lawama haikufika.

Sisi hatukuwa shamba hilo, ila usiku ulikuwa ule ule. Nilikuwa na miaka minane. Tulilala ndani ya chai, siyo mfano wa maneno, ndani kabisa, chini ya vichaka, kwa sababu chai ikikaa miaka inashikana juu na chini kunakuwa na pango. Mama aliweka kiganja chake kwa mdomo wa mdogo wangu. Alfajiri aliyekuja kututafuta alikuwa Kogo. Alitupitisha kwa shamba lake mpaka barabarani, akatembea mbele yetu mpaka kituo cha polisi akiwa na fimbo yake, na vijana waliokaa kizuizini walimwamkia wakainama. Nimejaribu kulitafutia maelezo jambo hilo na sina. Yeye ndiye alikuwa na sababu kuliko wote.

Tulirudi baada ya miezi. Mlango namba 14 ulikuwa mzima. Kampuni ilikuwa imeupaka rangi.

Kilichotutoa kwa nyumba ile, mwishowe, kilikuja na kelele za injini. Mashine za kuchuna zilianza kuingia Kericho miaka ya 2000, na mwaka wa 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kilifanya mgomo juu yake. Iko ya kubebwa na watu wawili kama machela, na iko kubwa ya kutembea yenyewe kwenye mistari. Haichagui majani mawili na kichipukizi, inakata tu, kama kinyozi mwenye haraka. Lakini hailali laini. Haizai mtoto wa kupelekwa shule, haihitaji balbu. Ukitazama vizuri, mashine haikuchukua kazi ya mchuna chai peke yake, ilichukua sababu ya mji mzima kuwepo. Kikosi kazi cha kaunti ya Kericho kilisema 2023 kwamba kazi kama 30,000 zilikuwa zimepotea kwa miaka kumi. Mei mwaka huo vijana walichoma mashine, na mwandamanaji akafa. Mwaka huo huo Finlay waliuza mashamba yao ya Kenya kwa Browns wa Sri Lanka. Yale ya Unilever yalikuwa yameshauzwa pamoja na biashara yao ya chai kwa mfuko wa uwekezaji, yakaitwa ekaterra, yakaitwa Lipton, na 2024 nayo yakatangazwa kuuzwa kwa Browns. Mababu wa mikataba ya miaka 999, ambayo Katiba ya 2010 iliikata ikawa 99 kwa wasio raia, waliondoka kama watu wanaohama ploti.

Mama alipunguzwa kabla ya hayo, nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa inatoka kwa kikapu chake, hilo ndilo jibu fupi la kwa nini sina digrii. Jibu refu lina uvivu wangu kidogo ndani.

Sasa amekodi chumba senta moja nje ya mpaka, kutoka mlangoni unaiona laini yetu vizuri. Nusu ya milango imefungwa na mbao. Hakurudi Nyamira, anasema huko hawamjui na yeye hawajui. Asubuhi anaenda kuchuna kwa wakulima wadogo, analipwa kwa kilo. Mara mbili kwa wiki ni kwenye nusu ekari ya Kogo, ambaye alifariki mwaka juzi, na mtoto wake ndiye anasimamia. Nilimsindikiza Jumanne iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alikuwa anachuna kwa ile kasi yake ya zamani, mikono miwili haigongani, na alipofika katikati ya shamba, pale makaburi yalipo, mawili sasa, akapunguza, akang'oa magugu kwanza.

"Huyu kijana amekataa kupalilia," akaniambia. Kisha akaendelea na mstari.